Hoteli ziliruhusiwa kufungua, wateja hawakuruhusiwa kuja: tujipange kabla ya mlipuko mwingine

Mama wa Sigiri (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam kwenu nyote.

Kila korona inapotajwa, watu wa Uganda tunazungumzia shule na baa. Ni haki. Shule zilikaa karibu miaka miwili bila kufunguka kikamilifu hadi 10 Januari 2022, na baa zilingoja hadi 24 Januari mwaka huohuo. Lakini lipo kundi ambalo halikuhesabiwa kabisa, kwa sababu kwenye karatasi lilikuwa limefunguliwa. Ni sisi wa hoteli ndogo za chakula. Sisemi hoteli za kulala wageni. Nasema zile za benchi mbili na sufuria zilizopangwa nje juu ya sigiri, yaani majiko ya makaa, ambazo nusu ya Kampala ya chini inazitegemea kwa mlo wa mchana.

Nawakumbusha mambo yalivyokwenda. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa 21 Machi 2020. Tarehe 25 usafiri wa abiria ukasimamishwa. Tarehe 30 usiku nchi ikafungwa, kafyu kuanzia saa moja jioni. Mwezi Mei tukaambiwa hoteli zinaweza kuuza chakula cha kubeba, na mwisho wa mwezi huo wateja wakaruhusiwa kukaa, mradi wakae mbalimbali. Magazeti yakaandika hoteli zimefunguliwa, na watu wakaamini kwamba shida yetu imekwisha.

Sasa nieleze hoteli ya katikati ya mji inavyofanya kazi, maana aliyetunga masharti yale nadhani hakuwahi kuiona. Chakula chetu hakimngoji mteja mezani. Saa nne asubuhi binti anapita duka hadi duka ndani ya arkedi, yale maghorofa ya maduka kuelekea Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, anaandika kwenye kipande cha boksi: ghorofa ya pili duka la mashuka, matoke na mchuzi wa karanga; duka la viatu, posho (ugali) na maharage, waongeze mboga. Saa saba anapanda ngazi na sinia, sahani imefunikwa kwa sahani. Saa tisa anarudi kukusanya vyombo na pesa, na asiyekuwa nazo anaandikwa. Wateja wake ni wauza duka, wapagazi, na wanunuzi waliotoka Butembo, Juba au Mwanza, ambao hawajui mtaa mwingine zaidi ya ule wanaonunulia bidhaa. Ndiyo maana Kiswahili kinatulisha hapa mjini.

Arkedi zilifunguliwa lini? 27 Julai 2020. Yaani kwa miezi miwili nilikuwa na ruhusa ya kuwapikia watu ambao hawakuwa na ruhusa ya kufika kazini. Mipaka imefungwa, mnunuzi wa Juba yuko Juba. Boda nazo zilibeba mizigo tu, abiria hawakuruhusiwa hadi siku hiyohiyo ya 27 Julai. Na 18 Juni 2021 tukarudishwa ndani kwa siku 42, Kikuubo ikafungwa tena, kafyu ikarudi saa moja jioni.

Mtu wa duka la nguo akifungiwa, shati haliozi wala halidai. Inamuuma, lakini shati lipo. Mkungu wa matoke ukishaiva umekwenda. Nyama ya jana mteja anaijua kwa harufu. Halafu makaa yanawashwa sawasawa ukipikia watu kumi au watu mia. Hapo ongeza kikopo cha kubebea, ambacho zamani hukukihitaji kwa sababu sahani ilirudi. Mlo wa shilingi 4,000 ukitoa chombo, kavera (mfuko wa plastiki) na kijiko cha plastiki, faida imeliwa yote. Na pango la chumba lilihesabiwa kila mwezi kama kawaida.

Misaada ilikuwepo, siikatai. 2020 serikali iligawa unga wa posho kilo 6 na maharage kilo 3 kwa kila mtu kwa watu wa Kampala na Wakiso waliokosa riziki. 2021 zikaja shilingi 100,000 kwa simu. Benki Kuu iliruhusu mabenki kupanga upya mikopo kuanzia Aprili 2020, na sekta ya hoteli ikaongezewa muda hadi Septemba 2022, wakati wengine waliishia Septemba 2021. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nayo iliwaruhusu waajiri walioelemewa kuchelewesha michango. Haya yote ni mema. Lakini yaangalieni vizuri. Unafuu wa benki unamfikia mwenye mkopo wa benki. Sisi mkopo wetu uko kwa chama cha akiba, kwa mkopeshaji wa mtaani, na kwa mwenye gari la matoke anayetuachia mzigo asubuhi tukamlipa jioni. Unafuu wa NSSF unamfikia aliyeandikisha wafanyakazi. Kila mlango uliofunguliwa ulihitaji ufunguo ambao hoteli ndogo haina.

Naandika leo kwa sababu hali hii itarudi. Mubende na Kassanda zilifungwa kwa Ebola 2022. Januari 2025 Ebola ikatangazwa hapahapa Kampala. Safari ile hatukufungiwa, lakini watu waliogopa kula nje na mauzo yakashuka bila amri yoyote. Nataka wenye hoteli tukae pamoja sasa, wakati hatuna homa, tukubaliane tunadai nini na kwa nani.

Langu la kwanza ni hili. Serikali ikinunua chakula cha msaada, sehemu ya chakula hicho kipikwe na sisi. Unapompa mtu posho mbichi kilo 6 hujui kama ana makaa. Mimi nina sufuria, nina mpishi, nina maji ya kunawa mlangoni, na nimeambiwa nifungue. Ninunulie sahani 100 kwa siku kwa bei ya kupikia, nipeleke kituo cha karantini au kwa wazee wa mtaa. Mwenye njaa atakula, mpishi atabaki na kazi, na mkulima wa matoke atauza.

La pili ni pango. Hilo nimeliacha makusudi, najua humu wamo wenye nyumba. Karibuni.

---

Kantini_Malaba

Mama, umenigusa. Mimi niko Malaba upande wa Uganda, nawapikia madereva wa malori. Watu wanadhani sisi hatukuguswa kwa sababu malori hayakusimama. Ni kweli mizigo ilipita. Lakini mnakumbuka Aprili na Mei 2020? Foleni ya kupimwa ilirudi nyuma hadi ndani ya Kenya, dereva anakaa siku nyingi kwenye gari, na akivuka haruhusiwi kulala lojingi wala kuchanganyika na watu. Kila jioni redio inasoma idadi ya madereva waliokutwa na virusi. Mji mzima ukaanza kuwakimbia, na sisi tunaowapikia tukakimbiwa pamoja nao. Dukani nilikuwa nasukumiwa chenji kwa fimbo ya ufagio.

Tulichofanya ni hiki. Dereva anapiga simu, anataja namba ya gari. Napika, naweka chakula kwenye ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko, ile ya rangi ikishaoshwa na maji ya moto, naiweka juu ya kreti la soda mita kadhaa kutoka kwenye lori. Nikishasogea, anashuka anachukua. Pesa inaingia kwa simu kabla sijafika nyumbani. Ndoo inarudi kesho, nachemsha tena. Wali, maharage, samaki wa kukaanga, chapati nne za kwenda nazo hadi Kampala. Hakuna aliyetufundisha, na hakuna mtu wa afya aliyekuja kuangalia kama ni salama. Nilitamani sana aje. Angekuja akasema ndoo ni nzuri, mfuniko ufungwe hivi, glavu zivaliwe hapa, ningebandika maneno yake mlangoni na mji ungenirudia.

Kwa hiyo dai langu si pesa kwanza. Nataka siku amri inapotoka, afisa wa afya wa wilaya atoke na masharti ya kupikia yaliyoandikwa kwa Kiswahili na lugha ya hapa, atukague, atupe karatasi. Sisi wa mpakani tuliteseka muda mrefu kuliko nyie: usafiri wa abiria uliporudi 4 Juni 2020, wilaya za mpakani kama 40 zilibaki zimefungiwa.

---

Mla_Katogo

Naunga mkono hoja. Mimi ni mteja tu. Ofisini kwetu Ntinda tulimlipa mama wetu wa katogo (matoke ya kuchanganywa na mchuzi) pesa ya mwezi mzima mapema, kila mtu alichoweza, akawa anatuandikia kwenye daftari. Tuliporudi kazini tulikula deni letu hadi likaisha. Alituambia pesa ile ndiyo iliyomfanya asiuze sufuria. Wenye mishahara tuwe na moyo huo.

---

Mpangishaji_Mengo

Dada Mama wa Sigiri, nashukuru umetukaribisha kwa heshima. Nina chumba nimempangisha mtu wa hoteli, na nyumba hiyo niliijenga kwa mkopo. Mnapozungumza mwenye nyumba mnamwona mtu mwenye tumbo amekaa kibarazani. Mimi nilikuwa nadaiwa kila tarehe tano. Mpangaji wangu aliponiambia hana, nilimwelewa, lakini mimi, kule benki nani angenielewa?

---

Mama wa Sigiri

Kaka, swali lako ndilo kiini, na nakuuliza nawe kwa heshima. Mkopo wako ulipangwa upya 2020?

---

Mpangishaji_Mengo

Ulipangwa. Nilipewa miezi sita ya kulipa riba tu. Haukufutwa, uliongezwa mbele, na riba iliendelea kuhesabiwa.

---

Mama wa Sigiri

Na mpangaji wako katika miezi hiyo sita ulimdai pango lote?

---

Mpangishaji_Mengo

Nilimdai lote. Alilipa sehemu, sehemu bado tunadaiana hadi leo. Sina sababu ya kuficha. Unafuu wangu ulikuwa wa kuahirishwa, si wa kusamehewa. Ningemsamehe yeye, mwishoni mimi ndiye ningebaki na shimo.

---

Mama wa Sigiri

Ahsante kwa kusema wazi, kaka, wengi wasingesema. Basi sikia ninachopendekeza. Unafuu ulitoka Benki Kuu, ukafika benki, ukafika kwako, ukaishia pale. Ungeshuka ngazi moja zaidi ungenifikia mimi. Sidai usamehe usichosamehewa. Nadai kwamba ukiahirishiwa, nami uniahirishie kwa kiwango kilekile na kwa muda uleule. Na hili lisitegemee huruma yako wala sura yangu. Liandikwe kwenye mkataba wa pango tunapokuwa wote wazima.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022 inataka mkataba wenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe kwa maandishi. Inakataza kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama, na inaweka kikomo cha kupandisha pango kwa asilimia 10 kwa mwaka. Kwa hiyo karatasi lazima tuiandike hata hivyo. Tuongeze kifungu kimoja. Mimi wakati ule sikuwa na karatasi, nilikuwa na neno la mdomo, na siku moja nilikuta kufuli jipya mlangoni, sufuria zangu zikiwa ndani. Zile sufuria ndizo mtaji. Mpishi bila sufuria hawezi hata kuomba kibarua cha harusi.

---

Hesabu_Kawempe

Wakuu, mimi ni mhasibu wa wafanyabiashara wadogo. Nizungumze kidogo kuhusu ule ufunguo ambao mama anasema hatuna, maana nusu yake tunaweza kuuchonga wenyewe.

2021 ulianzishwa mfuko wa kuinua biashara ndogo zilizoathirika na korona, shilingi bilioni 200, nusu ya serikali na nusu ya mabenki, riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka. Kwa Uganda hiyo ni riba ya chini sana. Pesa nyingi zilikaa bila kuchukuliwa. Wateja wangu wa hoteli niliowasaidia kuomba walikwama palepale: benki inataka kuona mauzo ya nyuma, nao mauzo yao yako kichwani na kwenye vipande vya boksi kama alivyosema mama.

Watu wanaogopa kuandika kwa sababu wanafikiri URA, mamlaka ya kodi, itawakamua. Hebu tuhesabu. Kwa biashara ndogo, mauzo ya mwaka yasiyofika milioni 10 hayatozwi kodi hiyo ya mapato ya wafanyabiashara wadogo. Kati ya milioni 10 na 30, asiye na kumbukumbu analipa 80,000. Mwenye kumbukumbu analipa asilimia 0.4 ya kile kinachozidi milioni 10. Ukiuza milioni 20 kwa mwaka na una daftari, unalipa 40,000. Jirani yako mwenye mauzo hayohayo bila daftari analipa 80,000. Daftari linakupunguzia. Halafu siku ya shida unalipeleka benki.

Msitafute programu ya gharama. Chukueni daftari la mistari, kila jioni andikeni sahani zilizotoka, pesa ya mkononi, pesa ya simu, na waliokopa. Ujumbe wa pesa za simu msiufute. Tayari ule ni ushahidi wenye tarehe na saa.

Na jambo lingine ambalo wengi hawalijui: Emyooga, ule mpango wa serikali wa kukopesha vikundi vya watu wa kazi moja, ina kundi la wenye migahawa. Nendeni ofisi ya biashara ya wilaya au ya divisheni mkaulize chama cha jimbo lenu kinaendeshwa na nani. Nimekuta vingine uongozi wake hauna hata mtu mmoja anayepika.

---

Kantini_Malaba

Hilo la mwisho nimelishuhudia kwetu. Nitafuatilia wiki ijayo.

---

Mhudumu_Bwaise

Naomba nami niseme. Mimi sina hoteli, mimi ndiye yule binti wa sinia.

Mnazungumza pango, mkopo, daftari. Sisi tulirudishwa nyumbani siku ileile ya tangazo, na mshahara ulikuwa wa siku. Bosi wangu alinipa unga na sukari, Mungu ambariki, hakuwa na zaidi. Waliobaki kazini walitembea kwa miguu kutoka Bwaise hadi mjini na kurudi, na ilibidi hoteli ifungwe saa kumi ili kafyu ya saa moja isiwakute njiani. Msosi wa jioni, ambao ndio wenye faida, ukafa.

Zile 100,000 za 2021, wakati wa Waziri Mkuu Nabbanja, orodha ya walengwa ilitutaja wafanyakazi wa baa na migahawa waziwazi. Nilijiandikisha kwa mwenyekiti wa mtaa. Haikuja, kwa sababu laini yangu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha shangazi. Wenzangu wengine majina yao hayakupelekwa kabisa, maana mwenyekiti alisema hatujui kama kweli mnafanya kazi hotelini. Tungemwonyesha nini? Hatuna barua, hatuna kadi, hatuna hata fulana yenye jina la hoteli.

Mkiunda chama, mama zangu, kiwe na orodha yetu. Jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina hilohilo, kazi anayofanya, na hoteli anakofanya. Bosi aweke sahihi, nakala ibaki kwa mwenyekiti. Hiyo haigharimu hata shilingi elfu moja.

---

Mama wa Sigiri

Mwanangu, umesema kitu kizito kuliko vyote vilivyosemwa hapa. Orodha ya wafanyakazi iwe ya kwanza, kabla ya pango na kabla ya mkopo. Mimi naanza na wangu kesho asubuhi, pamoja na wale wa kibarua cha Jumamosi. Na kila anayetumia laini ya mtu mwingine aende akasajili yake.

---

Diaspora_Mbale

Nawasalimu kutoka Marekani. Wazo la mama la kulipa hoteli zipike chakula cha msaada si la kufikirika tu. Huku 2020 shirika la World Central Kitchen la mpishi José Andrés lilifanya hivyohivyo: liliwalipa wenye migahawa kwa kila mlo, wao wakapika kwa ajili ya hospitali na familia zenye njaa. Jiko likabaki linawaka, wafanyakazi wakabaki.

Na kuhusu kuungana: Machi 2020 wenye migahawa midogo huku waliunda umoja wao, Independent Restaurant Coalition, wakaenda kugonga milango ya wabunge kwa sauti moja. Mwaka uliofuata Bunge likatenga dola bilioni 28.6 kwa ajili ya migahawa peke yake. Lakini mjue pia mwisho wake. Waombaji walikuwa zaidi ya 278,000, waliopata ni kama 101,000, pesa ikaisha. Wengi waliokosa walifunga kabisa.

Uingereza nao Agosti 2020 serikali ililipia nusu ya bei ya mlo, hadi pauni 10 kwa mtu, Jumatatu hadi Jumatano. Hiyo ilikuwa ya kuwavuta watu wakae ndani ya migahawa.

---

Mama wa Sigiri

Ya Uingereza siitaki hata kidogo. Kuwajaza watu ndani wakati ugonjwa unatembea ni kumweka mhudumu wangu mbele ya moto. Hiyo ya kupikia hospitali ndiyo yetu. Na hizo hesabu za Marekani zinanifundisha kwamba hata penye pesa nyingi, asiyekuwa na karatasi tayari siku ya kwanza anakuta zimekwisha.

---

Mubende_Mjini

Samahani nimechelewa kuuona uzi. Mimi nina mgahawa hapa Mubende, na sisi tulionja mara mbili. Ebola ilitangazwa 20 Septemba 2022. Tarehe 15 Oktoba Mubende na Kassanda zikafungwa, mwanzoni tuliambiwa siku 21, zikaongezwa tena na tena hadi 17 Desemba. Siku 63. Mji wetu uko kwenye barabara ya kwenda Fort Portal, tunaishi kwa abiria. Magari ya abiria yalipokatazwa kuingia na kutoka, ilikuwa kimya kuliko hata 2020, na nchi nyingine yote ilikuwa inaendelea na maisha yake. Wakati wa korona tuliumia wote, kwa hiyo kila redio ilituzungumzia. Safari hii tuliumia peke yetu.

Namuunga mkono mama kuhusu kupika, na naongeza jambo. Wakati ule mji ulijaa wahudumu wa afya, wafuatiliaji wa waliokutana na wagonjwa, watu wa mazishi salama, madereva. Wote walikula kila siku. Watu waliowekwa karantini nao walikula. Chakula cha kituo kimoja ninachokijua kililetwa na mzabuni kutoka mbali, kinapita mbele ya mgahawa wangu kwenye gari wakati wapishi wangu wamekaa nje wamekunja mikono. Nilipouliza niliambiwa sina nyaraka za kuuza kwa serikali. Na kweli sikuwa nazo: leseni ya biashara ilikuwepo, namba ya mlipakodi ilikuwepo, lakini sikuwa kwenye orodha ya watoa huduma wa wilaya, ambayo huandaliwa mapema. Ukishafungiwa, umechelewa.

Peke yangu sahani 300 kwa siku siwezi. Migahawa sita ya hapa pamoja tungeweza bila shida.

---

Hesabu_Kawempe

Mkuu wa Mubende amesema neno. Sajilini kikundi, si mgahawa mmojammoja. Kikundi kinaweza kuandikwa kwa afisa maendeleo ya jamii, kikawa na akaunti na namba ya kodi. Kisha kiombe kuingia kwenye orodha ya watoa huduma wa wilaya au manispaa mwaka wa fedha unapoanza Julai. Kila mgahawa upimiwe afya wapishi wake na vyeti viwekwe kwenye faili moja. Hapo mlipuko ukitokea, kamati ya dharura ya wilaya ikiuliza nani atapika, faili liko mezani.

---

Mpangishaji_Mengo

Nimesoma yote, nimefikiri usiku. Nimemwandikia mpangaji wangu kifungu, nimpe kwenye mkataba mpya. Naomba mnipe maoni kabla hatujatia sahihi:

"Ikiwa serikali itafunga kwa amri eneo hili, au itazuia usafiri au biashara kiasi kwamba mpangaji hawezi kuuza kama kawaida, pango la muda huo litagawanywa. Nusu italipwa kwa wakati wake. Nusu nyingine italipwa kidogo kidogo ndani ya miezi kumi na miwili baada ya zuio kuondolewa, bila riba. Mwenye nyumba hatafunga mlango wala kushika vyombo vya kupikia kwa ajili ya deni la muda huo."

---

Mama wa Sigiri

Kaka, Mungu akuzidishie. Hicho cha vyombo kisiguswe kabisa, kibaki kama kilivyo. Niombe kitu kimoja tu: paongezwe kwamba benki ikikupa wewe unafuu zaidi ya huo, mpangaji naye apate sehemu yake. Na badala ya "hawezi kuuza kama kawaida" tutafute kipimo, tusije tukagombana. Pengine tuseme mauzo yakishuka chini ya nusu ya wastani wa miezi mitatu iliyotangulia. Hapo daftari la Hesabu litakuwa shahidi wa wote wawili.

---

Mpangishaji_Mengo

La daftari nakubali. La benki nipe siku mbili nizungumze na afisa wangu wa mikopo, nisiahidi nisichokiweza.

---

Mhudumu_Bwaise

Kwenye orodha yetu tumeshafika watu kumi na mmoja kwa hoteli za mstari wetu. Wanne laini si zao, kesho tunaenda pamoja kusajili.

---

Kantini_Malaba

Nakichukua hicho kifungu cha pango, nakionyesha kwa wenzangu hapa mpakani. Ila kwetu vyumba vingi vinalipwa kwa wiki, kwa hiyo hiyo miezi kumi na miwili ya kulipa nusu ya pili tutaigeuza iwe wiki. Na wastani wa miezi mitatu kwetu hautafaa msimu wa mavuno, malori huwa mengi mno. Mhasibu, tusaidie hapo.

---

Hesabu_Kawempe

Chukueni miezi ileile ya mwaka uliotangulia badala ya mitatu ya karibuni. Nitumie mfano wa mauzo yako tuandike pamoja.